Makofi ya Mjukuu

Nimechoka, na niseme tu ukweli: kilichonichosha ni Kiholanzi, si mahindi. Mahindi nimeyauza Kitale miaka na miaka, nikirudi Naitiri jioni mgongo unaniuma, na sikulalamika hivi.

Mwanangu alioa Uholanzi. Binti yake, mjukuu wangu wa pekee, hajui Kiswahili wala Kibukusu, isipokuwa kuniita Kukhu, yaani nyanya. Mwaka huu akatakiwa kutolewa mafindofindo kooni. Akaogopa. Akasema atakubali kupasuliwa tu kama Kukhu mwenyewe atamwambia kwa simu kwamba dubu wake wa kitambaa atakuwa naye hospitalini. Ati dubu! Mwanangu akanirekodia maneno mawili ya kutosha: "ziekenhuis", hospitali, na "knuffelbeer", huyo dubu.

Si wangeyaacha mafupi, bana? Wale watu wanaunga neno kwa neno kama kamba, kisha nguvu yote wanaitia mbele: ZIE-ken-huis. Ulimi wangu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema maHIndi. Kila nikijaribu, zie-KEN-huis. La dubu nikalitilia irabu, silabi tatu zikawa sita: ki-nu-fe-li-BE-ri. Nilipepeta maharagwe nikiyasema, nikashona magunia nikiyasema. Wateja wakaniuliza kama naombea mzigo. Nikawaambia waniache.

Siku yenyewe simu ililia nikiwa sokoni. Kwenye skrini nikamwona mtoto kitandani hospitalini, amemkumbatia dubu, baba yake amemshikia simu. Nikasema. Nikakosea yote mawili. Akanikodolea macho. Nilijua nimemwangusha, na nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akamweka dubu kando, akainua mikono. Akapiga kofi moja kubwa na mawili madogo.

"ZIE-ken-huis, Kukhu."

Nikarudia, nikakosea. Akapiga tena, amekunja uso kama mwalimu aliyechoka na darasa. La dubu pia, kofi kubwa mbele. Muuguzi akaja, akaanza kusukuma kitanda, na mtoto bado anapiga, ananingoja nijibu. Mwishowe nikalipata: KNUF-fel-beer. Akamkumbatia dubu, mlango ukafungwa.

Baba yake akakata simu. Mimi nikakaa juu ya gunia, machozi yananitoka mbele ya wateja, nikapiga kofi moja kubwa na mawili madogo, nikarudia na kurudia, mpaka waliponipigia kwamba ameamka.