Siku Mkono Wangu Ulipogoma Kuachia Maiki

Aibu hii ningeinyamazia, ila waliokuwepo ukumbini wameshaanza kuisimulia vibaya, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe. Mnajua nilitolewa rovu shingoni, na daktari aliniambia wazi kwamba vitezi vilivyokuwa nyuma ya lile rovu vimeumia, na ndivyo vinavyotengeneza protini ya kuiamuru mifupa iachie kalsiamu iingie kwenye damu, sasa protini hiyo ikikosekana mifupa inakaa tu na mali yake na damu inapungukiwa, kwa hiyo nimeze vidonge vya kalsiamu kila siku bila kuruka.

Basi sendofu ya kumuaga Nyangi, binti wa kaka yangu anayeolewa, ilipokaribia, nikaviacha. Vinanifungaga tumbo, na gauni lilikuwa la kubana (niliazima, tena kwa mtu mwembamba).

Tulipotoka Musoma kwenda Butiama midomo ikaanza kufa ganzi. Nikanyamaza. Ukumbini nikaitwa kama shangazi nimuase binti, nikashika maiki, nikasema, "Nyangi mwanangu," na mkono ukajikunja hapo hapo, vidole vikaing'ang'ania maiki, MC anavuta, mimi naenda nayo, watu wanacheka wakidhani ni mbwembwe. Mkono wa pili nao ukajikunja, uso ukaanza kurukaruka, kicheko kikaisha.

Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasema taratibu, "Huyu ana kitu. Aombewe."

Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Nikajitahidi kusema "kalsiamu", lakini mdomo ulishakakamaa, likatoka "kaamu, kaamu".

"Amejitaja," mchungaji akasema. "Wewe Kaamu, mtoke mama huyu."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Toka."

Hapo pumzi ilikuwa inabana na mimi naogopa kweli. Aliyeniokoa ni Nyangi. Alishuka jukwaani na gauni lake, akanifungua skafu, akawaonyesha kovu. "Shangazi alipasuliwa shingo. Leteni gari."

Nikapelekwa hospitali na gari la maua. Wakanitundikia dripu ya kalsiamu, ikashuka polepole, vidole vikalegea kimoja kimoja, maiki ikadondoka kitandani.

Nyangi alikuwa amekaa pembeni yangu, poda imemtiririka. "Kwa nini hukuniambia njiani?"

"Niliona vibaya kulalamika siku yako."

Akanifunika tu miguu.

Tangu hapo siendi nilikoalikwa kabla sijawaeleza wenyeji hali yangu kwa mdomo wangu, maana siku ile nilinyamaza kidogo tu, ukumbi mzima ukanisemea.