Mchoraji wa Kiwanda cha Mkonge

Wiki iliyopita nilipita Mikumi na mdogo wangu wa mwisho, tukasimama kwenye picha za kuchora zinazouzwa kando ya barabara. Zote zilikuwa milima na jua, bila hata nguzo moja ya umeme, ingawa nguzo zilijipanga nyuma ya muuzaji. Nilikasirika, mdogo wangu asijue kwa nini.

Nilipokuwa mtoto, mchoraji mmoja alikuja kwenye kiwanda cha mkonge alichofanyia kazi baba, kule Kilosa. Alikaa ng'ambo ya mfereji wa maji machafu yanayonuka uchachu, akatazama kiwandani. Niliamini mchoraji, kama kamera, huchukua kila kilicho mbele yake. Nyumbani hatukuwa na picha ya baba hata moja. Nikamkimbilia kwenye kelele za mashine.

“Baba, njoo usimame mlangoni, tunachorwa.”

“Nivue kofia?”

“Vua, sura ionekane.”

“Bwana harusi, usicheke sana,” wenzake walimtania.

Alisimama muda wake wote wa kula. Nikaenda kuchungulia. Kulikuwa na milima ya bluu na mistari ya mkonge. Penye kiwanda, mchoraji alikuwa amepaka miti.

“Shikamoo. Baba yangu yuko wapi?”

“Marahaba. Kiwanda kinaharibu mandhari, binti.”

Leo najua mchoraji huchagua. Bado inaniuma. Mdogo wangu alizaliwa baba ameshafariki, hakuwahi kumwona, na nikijaribu kumweleza sura yake maneno hunishinda. Siku ile niligeuka nikamwona baba bado yuko juani, kofia mkononi, amejinyoosha, akisubiri nimwambie kama imetosha.