Siku Niliyoingia Dispensari kwa Mtumbwi

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha watu wa mji wetu wa Baraka watawaambia: mimi ndiye yule mtu aliyeingia kwenye ua wa dispensari akiwa amesimama ndani ya mtumbwi, juu ya nchi kavu, anaimba, huku mke wake yuko palepale anamwapia mganga kwamba mumewe hawezi hata kuinuka kitandani. Chekeni tu. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kabla sijaweza kucheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, nami nilikuwa mbebaji katika kiwanda cha pamba pale Baraka, na si mbebaji tu, ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo ili wenzangu wainue mzigo kwa pamoja. Siku moja robota la pamba likaponyoka juu ya lundo, likaniangukia, mkono wa kuume ukavunjika mahali pawili. Lakini (lazima niseme ukweli) sikutupwa. Sheria ya wakati ule ilisema mtu aliyeumia kazini apewe karatasi, apokee sehemu ya mshahara pamoja na posho ya unga, mafuta na chumvi mpaka apone, ila kila Jumamosi ajionyeshe dispensari, na asifanye kazi popote bila ruhusa ya daktari. Karatasi ile ndiyo iliyotulisha mimi, mke wangu Mama Wilondja na watoto wetu wanne, na mtu aliyeonekana anadanganya alinyang'anywa, pengine akafungwa juu yake.

Basi nikakaa miezi mitatu. Mwanaume kukaa nyumbani miezi mitatu, anaangalia kuku, anamfundisha mkewe namna ya kusonga ugali (mimi ambaye sijawahi kushika mwiko!), si jambo la mchezo. Ijumaa moja akaja mjomba wangu Lubunga. Alikuwa amechonga mtumbwi mkubwa huko milimani, upande wa Fizi, na watu walikuwa wakiuburuta kwenda ziwani. Kwetu mtumbwi haushuki mlimani kwa kamba peke yake, unashuka kwa wimbo: mwimbaji anasimama ndani yake, wa mbele wanavuta, wa nyuma wanashika kamba ya kuuzuia mteremkoni. Na mwimbaji wake alikuwa amekauka sauti.

"Mwipwa wangu," akasema, "ni mukono ndiyo ilivunjika, sauti haikuvunjika. Kuja kesho utuimbie, ntakupa kitunga ya ndakala."

Ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nawapenda, sikatai, lakini kilichoniponza si samaki, ni kule kuitwa. Nikajiambia kuimba si kazi. Kumbe kama nilikuwa naamini hivyo kweli, kwa nini sikwenda kuomba ruhusa? Badala yake nikamwambia Mama Wilondja aende dispensari kwa niaba yangu, aseme nina homa kali.

"Baba Wilondja, mi sipendi kudanganya batu," akasema.

Nikambembeleza, nikanuna, nikambembeleza tena, mpaka Jumamosi asubuhi akajifunga kitenge akaenda.

Asubuhi ile, jamani, niliimba! Tulitokea kwenye mteremko wa mwisho juu ya Baraka, mtumbwi unateleza juu ya vigogo vya migomba, bamama wamejipanga kando ya njia wanapiga vigelegele, nami kichwa kikavimba. Nikaacha wimbo wa polepole, nikaanzisha ule wa harusi, ambao kila mtu wa kwetu anajua kwamba kwenye kiitikio unapiga makofi. Nami nikausahau mteremko! Wa nyuma, watu wenye adabu, wakaitikia, wakaachia kamba, wakapiga makofi.

Mtumbwi ukaondoka. Wa mbele wakaruka pembeni, mimi nikabaki peke yangu, na (msiniulize kwa nini) bado naimba, labda mdomo ulikuwa haujapata habari. Chini ya mteremko iko dispensari. Nikapita kwenye ua wa miti, nikapita kwenye kamba ya kuanikia, bendeji zilizofuliwa zikanizunguka shingo, nikasimama mbele ya baraza kabisa. Na siku hiyo, kati ya siku zote, daktari mzungu alikuwa amekuja kukagua.

Mama Wilondja alikuwa katikati ya maneno: "Kweli, Muganga, hata kuamuka haweze, iko analala tu..."

Muganga Ebondo, mwuguzi mkuu, mtu wa kwetu, akaniangalia, akamwangalia yeye. "Mama Wilondja, mugonjwa yako ni huyu, ao uko na bwana mwingine?"

Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Mke wangu hakukimbia. Alikuja akasimama kando ya mtumbwi, machozi yanamtoka, akasema, "Muganga, kosa ni ya siye babili. Alichoka kukaa." Moyo ukaniuma kuliko mkono ulivyowahi kuuma.

Daktari akaitaka karatasi yangu. Akauliza nani alinipa ruhusa ya kufanya kazi, nami nikajibu, "Sikufanya kazi, Bwana Daktari, niliimba tu." Uso ukamwiva. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, tayari kuichana, nikaona unga wa watoto wangu unakwenda.

Ndipo Muganga Ebondo akamsogelea, akasema naye Kifaransa kwa upole, kisha akanigeukia. "Mutumbwi hii haiwezi kubakia hapa. Itoshe inje kwa wimbo. Lakini usiiguse."

Nikajaribu mstari wa kwanza, ukatoka kama wa mbuzi, na aliyeuitikia alikuwa Mama Wilondja, peke yake, huku anajifuta machozi. Kisha wakaitikia wavutaji waliokuwa wamenifuata mbio, kisha wagonjwa, hata wa magongo. Mtumbwi ukasogea, ukageuka, ukatoka uani. Daktari hakuuangalia hata kidogo, alikuwa anaangalia mkono wangu, ambao haukuinuka: sauti peke yake ndiyo iliyofanya kazi.

Akaandika. Muganga Ebondo akanisomea: Jumatatu nirudi kiwandani kuwaimbia wabebaji, nisibebe kitu, na sehemu ya malipo iendelee mpaka mkono upone. Posho ya wiki ile ilikatwa, nami nilistahili. Mpaka leo namshukuru Muganga Ebondo, maana angeweza kunyamaza tu, na kunyamaza kungenimaliza.

Tulipofika mlangoni kwetu Mama Wilondja akanigeukia.

"Siku ingine ukitaka kudanganya, ujitume mwenyewe."

Sijamtuma tena. Jumamosi zote zilizobaki nilikwenda kwa miguu yangu, na siku mkono ulipopona nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikasema mwenyewe, "Nimepona," yeye akiwa kando yangu, anasikia.