Nani Atamwosha Bi Mwatima

Mtaani kwetu Malindi, hapa Unguja, akifa mwanamke, wa kuitwa kumwosha alikuwa Bi Mwatima. Chama chetu cha akina mama kilikuwa na masufuria, majamvi na maneno mengi, lakini mwosha maiti kilikuwa naye mmoja tu. Sisi wengine tulikaa ukumbini tukilia, kwani kulia hakuhitaji mafunzo. Ndani alikuwa yeye na maji yake na majani ya mkunazi, na pengine jamaa mmoja wa marehemu aliyefumba macho.

Bi Mwatima hakujaaliwa mtoto. Mumewe alimwacha angali kijana, na ndugu zake wote walikwishatangulia. Mwaka 1988 aliugua homa kali, na alipoinuka akaja kwenye kikao cha chama akalitoa lililokuwa likimkosesha usingizi.

"Wengi wenu nshakuoshieni mama zenu," alisema. "Mimi nani ataniosha? Nataka kila nyumba iwe na mwanamke anayejua."

Tuliitikia kwa nguvu. Sisi watu wa Unguja hatujui kulikataa jambo la kheri. Tunajua kutokuja tu. Alhamisi ya kwanza, baada ya alasiri, uwanja wake ulijaa. Alikuwa amepika kahawa, ameweka halua, na juu ya kitanda amelaza shina la mgomba alilolivisha kanga, liwe badala ya maiti. Halua ikaliwa. Mgomba ukapewa jina la mama mkwe wa mmoja wetu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Alhamisi ya pili tulikuja nusu. Ya tatu kulikuwa na harusi. Baada ya hapo, kila nikipita namwona mlangoni, mgomba kitandani nyuma yake, kahawa imepoa, anautazama uchochoro.

Lau angeacha, nisingemlaumu. Aliacha mikutano tu. Alikwishaona alipokosea: hofu ya maiti haiondoki kwa mgomba, na wanawake wengi wakikaa pamoja na halua hufanya mzaha. Basi alipofariki mama yake Khawla, jirani yetu mpole wa nyumba ya pili, Bi Mwatima alimshika mkono.

"Njoo unshikie kata ya maji tu," alimwambia. "Usitazame kama hutaki."

Khawla akaishika, akamimina maji, uso kaugeuzia ukutani. Msiba uliofuata alikuja bila kuitwa. Uliofuata tena akaja na wifi yake.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kwa miaka, kila msiba mtu mmoja mpya na kata mkononi. Aliyeogopa, Bi Mwatima hakumcheka. Aliyekimbia alimwendea nyumbani keshoye kwa mazungumzo ya kawaida, kumbe anamvizia. Kwenye vikao jambo lile halikutajwa tena. Mwaka 2000 ulipoingia, ungetafuta nyumba isiyo na mwosha mtaani kwetu usiione.

Mwaka 2003 alifariki bibi yake Faiza, jirani yetu wa uchochoro wa nyuma. Bi Mwatima, magoti yameshamshinda, alijikongoja na kata yake ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa mlangoni. Khawla akatoka, mikono bado inanukia kafuri.

"Shikamoo Bi Mwatima. Tushamaliza. Rudi ukapumzike, usijitaabishe."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mwatima, akakifunika kikapu.

Hakuna aliyemkosea, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilimsindikiza mpaka kwake. Akakaa barazani, nami nikamwambia afurahi, alilolitaka limekuwa. Akasema amefurahi, na huku machozi yanamtoka.

"Zamani walikuwa wakinigongea mlango, japo kwa maiti," alisema. "Siku ntakayokufa, nyumba hii itajaa wanawake. Leo mimi ni mzima, nani anakuja?"

 Nikaingia jikoni kumbandikia kahawa, nikagundua sijui anapoiweka.