Beringi Kwenye Karai Langu

Nina hasira, na asiniambie mtu nimeze mate. Mimi Mejumaa nakaanga viazi hapa Majengo, mlango wa pili kutoka gereji ya Kioko, na nimechoka kusikia watu wa Kibokoni wakisema Kioko si fundi tena.

Kioko alifanya kazi karakana ya reli miaka ishirini kabla ya kujitegemea. Anatengeneza magari ya zamani tu. Chuma kikikataa kuingia, hakipigi nyundo. Beringi, ile pete ya chuma, huipasha moto ipanuke, na shafti, mhimili wake, huitia barafu inywee, kisha moja huvaa nyingine bila ugomvi. Moto ni wangu: karai kuukuu la mafuta ya kutupa, ndimo beringi inamochemkia. Kipimo pia changu. Kipande cha kiazi kikitoa mapovu madogo bila kubadilika rangi, naita, "Kaka Kioko, imeiva!"

Miezi sita iliyopita Bwana Jamaldin alileta gari la Pijo la marehemu babake, ambebee bintiye siku ya harusi. Beringi yake mpya tuliitafuta miezi mitano, ikapatikana moja tu.

Siku ya kazi, Kioko alisimama kwangu na koleo, macho karaini. Nyuma yake nikamwona Jamaldin akiopoa shafti kwenye ndoo ya barafu. Akavuta kitambaa changu kambani, akaipangusa, akaiweka juani. Nilipoita "imeiva" akairudisha ndooni mbio, kama mtoto aliyefumwa akilamba sukari. Nilidhani wameagizana, nikanyamaza.

Shafti ilishapata joto la jua; beringi ikaingia nusu, ikang'ang'ania. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Jamaldin akakamata nyundo, Kioko akamnyang'anya.

"Umefanya nini, Bwana Jamaldin?"

"Mie? Ilikuwa yatota maji, nkaipangusa isishike kutu."

Kioko aliikata ile beringi mwenyewe. Bibi harusi akapanda gari la kukodi. Sasa Jamaldin anakaa barazani Kibokoni akieleza jinsi Kioko alivyomkaangia beringi kama kiazi, na wateja wawili wameshaondoa magari yao. Muongo mkubwa! Kioko anasema kazi yake itamsemea.

Kazi haina mdomo. Mimi ninao. Kitambaa kile sijakifua, kina alama ya grisi urefu wa shafti. Kesho baada ya Alasiri nakwenda nacho Kibokoni, nakitandaza mbele ya vikombe vyao vya kahawa, niseme alichofanya Jamaldin, na kwamba mimi nilimwona nikanyamaza.