Mwaka Mihayo Aliponyimwa Moto

Katika kijiji cha Samuye miaka ile, kabla jua halijachomoza, vijia vyote vilielekea kwa Mbuke. Wanawake walikuja na vigae mkononi, wengine na watoto mgongoni, kuomba kaa la moto. Miti ilikuwa imekwisha nchi yote ile. Mtu aliyepata gogo la mgunga alilitunza kama mgeni, na moto wa mavi ya ng'ombe makavu ukiupa kisogo umezima. Wa Mbuke haukuzimika. Alijua kuufukia: gogo chini, mavi makavu juu yake, kisha majivu laini juu ya vyote, kama mtu amfunikavyo mtoto mchanga bila kumziba pua.

"Moto umelalaje, Mama Mihayo?" waliuliza.

"Umelala jicho moja wazi, kama mwenye ng'ombe."

Nao wakacheka, wakachukua kaa, wakaenda zao wakilipuliza njiani.

Jambo la pili lililomtambulisha Mbuke lilikuwa samli yake. Alisukasuka maziwa katika kibuyu kilichoning'inia mlangoni, akachemsha siagi taratibu bila kuiunguza, na debe likijaa alilibeba kichwani mpaka Shinyanga. Tangu reli ifike mjini wanunuzi walikuwa wengi, na tangu wachimbaji wa dhahabu wajae kule Geita, kila mwenye duka alitaka samli ya kuwapelekea. Mbuke alitua debe lake sokoni, akakaa chini, akanyoosha miguu, akawaacha waje. Mnunuzi mwenye maneno marefu alimwambia, "Pita, baba, unanizibia upepo." Shingo iliuma, ndiyo. Lakini kule kukaa chini na kukataa, akiwa mwanamke wa shamba asiye na viatu, alikupenda kuliko nguo mpya.

Ndipo akaja Abdu. Alikuwa mfanyabiashara wa Ngokolo, pale mjini Shinyanga, mtu wa kanzu safi na ulimi laini. Aliliomba baraza la mtemi limkubalie mkataba: angejenga banda njia panda, karibu na Samuye, na samli yote ya vijiji vya jirani iuzwe pale, kwake peke yake. Atakayepeleka kwingine atozwe faini. Mtemi alisema hawezi kujibu kabla hajawasikia wenye ng'ombe, hivyo kila kijiji kichague msemaji wake.

Samuye walichagua kama walivyozoea, kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wamtakaye. Walisimama wawili. Mmoja alikuwa Masele, mfugaji wa makamo mwenye kigugumizi. Wa pili alikuwa Mihayo, mtoto wa Mbuke, aliyesoma kidogo kwa wamisheni na ambaye maneno yalimtoka kama maji. Mbuke alikuwa wa kwanza kwenda kusimama nyuma ya mwanawe. Wanawake wote waliokuwa wakichota moto kwake wakamfuata, na wanaume wakawafuata wake zao. Masele alibaki na ndugu zake na mbwa wake.

Kabla ya siku ya baraza, wasemaji wa vijiji walikutana wakanywa pombe chungu kimoja, wakapatana: tukikataa, tukatae wote.

Siku ya baraza, Mbuke alikuwa shambani akipalilia mtama. Alimwona Nkwabi, mzee wa kijiji aliyekuwa amekwenda kusikiliza, akirudi peke yake. Nkwabi alikaa juu ya kichuguu, akaomba maji, akapewa, asiyanywe.

"Mkataba umepita," alisema.

"Umepitaje na watu walikataa?" Mbuke aliuliza.

"Wasemaji wote walikaa upande wa kukataa. Wetu akainuka, akaenda kukaa upande wa Abdu. Wa vijiji vingine walipoona Samuye imehama, wakaanza kuhama mmoja mmoja." Akayatazama yale maji. "Mwanao, Mama Mihayo. Sijui nikwambieje."

"Umekwisha kuniambia," Mbuke alisema, akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari.

Mkutano wa kijiji ulikuwa kesho yake. Mihayo alikuja mwenyewe, hakujificha. Alijaribu kueleza kwamba banda lingekuwa karibu, lakini kila alipofungua mdomo watu walipiga kelele.

"Mdomo huo ni wangu," alisema Eufrasia, mjane aliyekuwa jirani wa Mbuke. "Nilikuazima ukanisemee. Umeuuza. Nirudishie, leo nitakula kwa mdomo gani?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno.

"Tulipeleka fahali wetu," alidakia kijana mmoja, Jilala, "amerudi na kengele ya mtu mwingine shingoni."

Wazee walijitenga, wakarudi na neno moja. Mihayo asipewe moto. Asisalimiwe. Asisaidiwe kulima, na ng'ombe wake akitumbukia shimoni amtoe mwenyewe. Iwe hivyo mpaka atakapolirudisha neno la watu mahali alipolipoteza, kisha alipe mchenya, yaani faini ya kijiji, fahali mmoja aliwe na wote.

Nkwabi akageuka kule walikokaa wanawake. "Mama Mihayo, moto wa mtaa huu unatoka kwako. Sisi tunaweza kusema mpaka jioni. Tusikie kwako."

Mbuke alikuwa amempakata mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa Mihayo, aliyekuwa bado hajaota jino. Mtoto alikuwa anamvuta shanga. Mbuke akazitoa taratibu mkononi mwake.

"Nyuma yake nilisimama mimi kwanza," alisema. "Wengi wenu mlifuata mgongo wangu. Moto wangu umesikia."

Hakuna aliyempongeza. Walimpisha njia tu alipoondoka.

Wiki ile mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Alfajiri moja, wanawake walipokwisha kuondoka na makaa yao, alikuja Scolastika, mke wa Mihayo, mtoto mgongoni, kigae mkononi. Alisimama nje ya mlango, maji yakimchuruzika usoni, akamwamkia mkwe wake kwa jina la mayu, yaani mama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Wewe hukukaa upande wa Abdu, ingia."

Scolastika hakuingia. "Nimekuja kuomba moto."

"Nasikia Abdu amempa mume wako kiberiti."

"Kipo. Jana kiliwaka." Scolastika alitazama chini. "Naona haya kumpikia mtoto uji kwa moto ule."

Mbuke alikitazama kile kigae. Kilikuwa kipande cha chungu chake mwenyewe. Chungu hicho kilivunjika siku ya harusi ya Scolastika na Mihayo, na wakakicheka sana. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye majivu, ukafika, ukakaa pale. Angeweza. Nani angeona? Mvua ilikuwa imewafungia watu wote ndani. Mtoto akapiga chafya.

Akautoa mkono, akaufuta.

"Kaa langu halivuki kwenda kwenu," alisema. "Lakini mtoto hakuinua mguu barazani, wala wewe. Mlete hapa, mpike hapa, mle hapa, mkaushe nguo. Jioni mtarudi kwenu. Moto siwezi kuupeleka kwenu. Ninyi mwaweza kuja kwenye moto."

Ikawa hivyo. Mchana kutwa Scolastika alikuwa kwa mkwe wake, na Mihayo alibaki peke yake na kiberiti chake. Moshi ulitoka nyumbani kwake, watu waliuona. Hakuna aliyeusogelea. Na moto usio na mtu wa pili wa kuunyooshea mikono, mwenyewe huuchoka.

Siku ya tatu ya hali ile, Mihayo alikuja uani kwa mama yake. Mbuke alikuwa anasukasuka maziwa.

"Shikamoo, mayu."

Mbuke hakuitikia. Tangu mtoto huyu ajue kusema hakuwahi kumnyima marahaba, hata siku alipopoteza ndama. Kibuyu kilikwenda kikarudi. Mihayo akasimama, mikono nyuma.

"We kibuyu," Mbuke alisema mwishowe, "nasikia kuna mtu ana neno. Mwambie aseme, sisi wawili hatuna haraka."

Mihayo alikaribia kucheka, akaliona jicho la mama yake, akaacha. "Abdu hakunipa kitu, mayu. Kiberiti tu, na hicho baadaye. Alisema banda litakuwa hapa njia panda. Nilikufikiria wewe. Nimekuona tangu utoto wangu ukibeba debe mpaka mjini, unarudi huwezi kugeuza kichwa. Nilifikiria shingo yako."

Kibuyu kikasimama. Mbuke hakuwa ametazamia hilo. Akakisukuma tena.

"We kibuyu, mwambie shingo ni yangu. Nikitaka ipumzike nitaipumzisha. Yeye hakupewa shingo yangu, alipewa mdomo wa Samuye. Mwambie na hili: pale mjini huwa nakaa chini, naangalia watu wazima wenye makoti wakiniinamia waonje samli yangu. Asiyenipendeza namwambia apite. Hapo kwenye banda, Abdu akinuna, nitamwambia apite aende wapi?"

Mihayo aliitazama shingo ya mama yake.

"Sikuliona hilo," alisema.

"Kibuyu," Mbuke akasema kwa sauti ndogo zaidi, "mwambie hakuuliza."

Banda lilikuwa limekwisha kusimama, bati jipya likimetameta. Lakini halikuingia debe hata moja. Faini ilikuwa ya kupeleka samli kwingine, basi wanawake wa Samuye hawakupeleka popote. Walikula. Walitia kwenye mboga, walitia kwenye ugali, na iliyobaki wakawapaka watoto. Msimu ule watoto wa Samuye waling'aa. Waling'aa visogo, waling'aa magoti, nzi alikuwa akitua anateleza. Vijiji vya jirani vilipoona, na wao wakaanza kupaka.

Abdu akaja mwenyewe kutazama kulikoni. Alimkuta karani wake amelala juu ya madebe matupu, na kundi la watoto likapita mbio mbele ya banda, jua likiwawakia migongoni.

"Samli yangu ile," Abdu alisema, "inakimbia." Akacheka licha ya hasara yake, na Mbuke aliposimuliwa alisema mtu anayeweza kucheka hivyo si mbaya kabisa.

Baraza lilipokaa tena, Mihayo alikwenda bila kuitwa. Mbuke naye alikwenda, akakaa nyuma kabisa pamoja na Eufrasia na wanawake wengine, mjukuu mapajani. Alimwona mwanawe akitembea katikati ya uwanja. Hapo mbele alikuwa mtemi na wazee wake, upande mmoja Abdu, upande wa pili wasemaji waliogeuza nyuso wasimwone.

"Mtemi," Mihayo alisema, "siku ile nilikaa pale." Akaonyesha upande wa Abdu. "Nilidhani nimeona mbali kuliko walionituma. Walinituma nikatae, nikakubali. Neno nililotoa halikuwa langu. Naomba nilirudishe mbele ya wale wale walionisikia."

Alijaliwa maneno mengi kijana yule, na siku hiyo alitumia machache. Mbuke alisikia joto likimpanda kifuani, joto lile lile la siku alipomwona akisimama kwa miguu yake mara ya kwanza.

"Amezaliwa huyo," Eufrasia alinong'ona, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

"Usimsifu bado," Mbuke alisema. "Fahali hajaliwa."

Mtemi alimgeukia Abdu. Abdu akakuna ndevu. "Mkataba ninao, mtemi. Lakini banda tupu nitalila? Nami nirudi nikanunue sokoni kama wenzangu, yaishe."

Mkataba ukavunjwa siku ile ile. Mihayo akalipa mchenya, fahali mwekundu aliyekuwa amemkuza toka ndama, na kijiji kizima kikala mpaka mbwa wakalala chali. Nkwabi alimpa mkono mbele ya watu. Lakini hawakumrudishia usemaji. Walisema msamaha ni msamaha, na mstari ni mstari.

Wakapanga upya. Masele akasimama, na kigugumizi chake, akijifuta jasho. Kuna vijana wachache waliomsukuma Mihayo mbele naye asimame, kwa vile amejuta. Watu wote wakatazama kwa Mbuke, waone mgongo wake utakwenda wapi. Mbuke alimfunga mjukuu vizuri mgongoni, akavuka uwanja, akasimama nyuma ya Masele. Wanawake wakafuata.

Wakati mstari unajipanga, alisikia nyayo zikija nyuma yake, na mtu akimwomba Eufrasia kwa heshima ampishe. Hakugeuka. Alijua mwendo ule. Mtoto mgongoni akaanza kurusha miguu na kuchekea kitu.

Mihayo alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, katika mstari wa Masele.

"Marahaba, baba," Mbuke alisema, bado anatazama mbele.

Alfajiri iliyofuata Scolastika alikuja na kile kigae. Mbuke alikwisha kufukua majivu kabla hajabisha hodi, na kaa alilomchagulia lilikuwa kubwa kuliko yote, jekundu, la gogo la mgunga. Alimsindikiza mpaka nje kumwangalia akilipuliza, mpaka alipoona moshi ukipanda kule kwa mwanawe. Kisha akatengeneza kata yake ya nguo, akatia debe kichwani, akashika njia ya Shinyanga na wenzake. Mihayo alijitolea kumbebea. Mbuke alimruhusu mpaka njia panda, pale kwenye banda, ambapo kuku wa watu walikuwa wamekwisha kuanza kutaga. Hapo akalichukua debe lake.