Daktari wa Miraa

Wiki jana nilikuwa kwenye saiba moja ya intaneti pale Makutano, Meru, nikingoja zamu yangu ya kuchapisha barua. Mbele yangu mzee mmoja kutoka Laare alikuwa ameketi na bintiye, wakichagua kozi ya chuo kikuu. Siku ya mwisho ilikuwa ile ile.

"Mama, weka uuguzi," mzee alisema. Binti ana jina la nyanya yake, basi babake humwita mama.

"Baba, mimi nataka kilimo. Nitibu miraa yetu. Si unaona vile inakauka?"

Mzee alivua kofia, akaiweka mezani taratibu. Kwao mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa, wala hachumi majani yake.

"Sasa utatibu aje mti hujawahi kupanda?"

"Lakini baba, yule daktari wa presha yako amewahi kukupanda mgongoni?"

Saiba nzima tulicheka. Mzee hakucheka.

Nami nilikoma kucheka nilipokumbuka kwamba mimi pia ni mzazi. Tunawaambia watoto wachague kazi wanayoipenda, kisha tunanuna wasipochagua ile tuliyokwisha kuwachagulia.

Hatimaye mzee akavaa kofia yake, akamgeukia mhudumu wa saiba. "Mwekee hiyo kilimo. Lakini kwa shamba yangu atatibu akiwa amesimama chini."

"Ni sawa, baba," binti akajibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Ugonjwa wenyewe uko kwa mizizi."